Namna ya Kuandaa Wikiendi ya Kumuaga Bi Harusi Mtarajiwa Jijini Dodoma

Kila msimu wa harusi unapokaribia, maswali huwa ni yaleyale: kila mtu atoe kiasi gani, wageni wa kutoka Dar es Salaam walale wapi, na kuna nini cha kufanya Dodoma kwa siku mbili mbali na kukaa kwenye ukumbi. Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kazi hiyo, awe mpambe, dada wa bi harusi au rafiki wa tangu shuleni, ambaye hajawahi kuratibu shughuli ya namna hii.

Kwanza tuelewane kuhusu shughuli yenyewe. Hii si kicheni pati, ambako mama, mashangazi na somo hukaa na binti kumfunda na kumpa vyombo, wala si sendofu, ambayo ni ya ukoo. Ni siku mbili za marafiki wa karibu, watu sita hadi kumi, wanaotaka kukaa na mwenzao kwa utulivu kabla hajaingia kwenye ndoa. Wengi wa watu hao wameshaombwa mchango wa kicheni pati, wa sendofu na wa harusi, na bado watanunua sare. Usiposhika jambo hilo kichwani tangu siku ya kwanza, utapanga wikiendi nzuri ambayo nusu ya waalikwa wataihudhuria kwa kukopa.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Muda usiopungua miezi miwili kabla ya wikiendi yenyewe.
- Tarehe za harusi, sendofu na kicheni pati, zikiwa zimethibitishwa na familia.
- Orodha ya majina iliyotoka kinywani mwa bi harusi mwenyewe, si ile unayoikumbuka wewe.
- Mtunza fedha ambaye si wewe mratibu. Mtu mmoja asipange na kushika fedha kwa wakati mmoja, hata kama anaaminika kiasi gani.
- Laini ya simu isiyo na matumizi mengine ya kupokea michango, pamoja na daftari.
- Taarifa za kila mgeni: nani ni mjamzito au ananyonyesha, nani hanywi pombe, nani hali nguruwe, nani ana mzio wa chakula au dawa anazotumia kila siku.

Hatua ya 1: Zungumza na bi harusi ana kwa ana

Usianze kwa kufungua kundi la WhatsApp. Kaa naye kwanza, mkiwa wawili, umuulize mambo matatu: anataka nani awepo, hataki nini kabisa, na angependa siku hizo zifananeje. Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Kuna bi harusi asiyetaka muziki mkubwa, kuna asiyetaka pombe mbele ya wifi zake watarajiwa, na kuna ambaye hataki kabisa ile michezo ya kumtia aibu. Mambo hayo hawezi kuyasema mbele ya watu kumi.

Muulize pia waziwazi kama wifi mtarajiwa aalikwe. Hakuna jibu moja sahihi hapa. Akimtaka, mwalike kwa heshima na umweke na mtu wa kumchangamsha. Asipomtaka, shughuli isitangazwe mitandaoni kabla haijafanyika.

Halafu, ukiwa na ridhaa ya bi harusi, mpigie mama yake simu. Msalimie, mweleze ni siku zipi binti atakuwa nanyi, mtakaa mtaa gani na nani atamrudisha nyumbani. Humwombi ruhusa ya kila kitu, unamwondolea wasiwasi. Mama aliyeambiwa mapema hapigi simu saa nne usiku.

Kuhusu kumshtukiza: mshtukize kwa zawadi, kwa ngoma au kwa rafiki aliyetoka mbali. Usimshtukize kwa tarehe. Bi harusi wa mwezi wa mwisho ana fundi nguo, ana mafundisho ya ndoa kanisani au nasaha za shehe, na ana kikao cha kamati kila wiki.

Hatua ya 2: Chagua tarehe

Wiki tatu hadi tano kabla ya harusi ndizo bora. Ukiisogeza hadi wiki ya harusi, utampata bi harusi amechoka na hana usingizi.

Dodoma ina jambo ambalo miji mingine haina, nalo ni Bunge. Mkutano wa bajeti kwa kawaida huanza Aprili na kwenda hadi mwishoni mwa Juni, na kuna mikutano mingine mifupi katika mwaka. Wakati huo hoteli na nyumba za kupanga kwa siku hujaa, na zilizobaki hupanda bei. Hali kama hiyo hujitokeza siku za maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, na wakati wa mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma kuelekea mwisho wa mwaka. Tazama ratiba hizo kabla ya kumtajia mtu yeyote tarehe. Tazama pia Ramadhani na Kwaresma, kwa kuwa marafiki wengi huwa ni mchanganyiko wa dini.

Mvua huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, na barabara za vumbi za kwenda mashambani huwa tope. Juni na Julai kuna baridi ya usiku ambayo wageni wa pwani hawaitegemei, kwa hiyo waambie wabebe sweta. Kuanzia Julai hadi Septemba upepo na vumbi ni vya kutosha, na aliyesuka nywele Ijumaa atahitaji kitambaa cha kichwa Jumamosi.

Hatua ya 3: Pangeni fedha kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo wikiendi nyingi huharibika, na huharibika kimya kimya. Mtu haandiki kwenye kundi kwamba hana fedha. Hukaa kimya, halafu siku tatu kabla husema mtoto anaumwa.

Mpigie kila mgeni simu, mmoja mmoja, umuulize kiasi ambacho anaweza kutoa bila kuumia. Mhakikishie kwamba jibu lake litabaki kwako. Kisha chukua kiasi cha chini kabisa ulichotajiwa na ujenge bajeti juu ya hicho. Wenye uwezo zaidi wanaweza kuongeza kwa hiari, kwa mfano mmoja akabeba keki, bila kutangaza.

Huu ni mfano wa hesabu kwa bi harusi mmoja asiyelipa na wageni wanane wanaolipa. Bei ni za kukuonyesha namna ya kukokotoa. Ulizia za wakati wako.

- Nyumba ya vyumba vinne, usiku mbili: 400,000
- Chakula cha Ijumaa jioni: 90,000
- Vifungua kinywa vya siku mbili, mkipika wenyewe: 80,000
- Chakula cha Jumamosi jioni: 225,000
- Gari aina ya Haisi na dereva, Jumamosi nzima: 150,000
- Shamba la zabibu na kuonja mvinyo: 180,000
- Kikundi cha ngoma: 150,000
- Keki na mapambo: 120,000
- Maji na soda: 45,000

Jumla ni shilingi 1,440,000. Ongeza asilimia kumi ya dharura, yaani 144,000, upate 1,584,000. Gawanya kwa wanane: kila mmoja 198,000. Aliyetoka mbali ana nauli yake juu ya hapo.

Sasa tuseme mmoja wao amekuambia uwezo wake ni 120,000. Usimwombe ajikaze. Acheni safari ya shamba (180,000). Badilisheni Haisi kwa bajaji za hapa na pale kwa 50,000. Keki na mapambo vishushwe hadi 40,000, na chakula cha Jumamosi kipikwe nyumbani kwa 115,000. Nyumba ipangwe kwa usiku mmoja tu wa Jumamosi, na wageni wa Ijumaa walale kwa wenyeji. Gharama inashuka hadi 770,000, na pamoja na asilimia kumi ni 847,000, sawa na takriban 106,000 kwa kila mmoja. Ngoma imebaki, keki imebaki, na watu wote wanane wamebaki.

Weka tarehe mbili za kulipa: nusu ya kwanza wiki sita kabla, nusu ya pili wiki mbili kabla. Mtunza fedha aandike kila malipo kwenye kundi siku hiyohiyo yanapoingia, pamoja na kila matumizi na picha ya risiti. Angalizo: usilipie kitu chochote kwa fedha zako ukitegemea kurudishiwa. Urafiki mwingi umeingia doa kwa deni la shilingi elfu thelathini.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa kulala

Kwa kundi la watu wanane au tisa, nyumba nzima ni bora kuliko vyumba vya hoteli, kwa sababu sehemu nzuri ya wikiendi hii hutokea sebuleni saa sita usiku mkiwa na khanga. Ilazo, Kisasa, Area C, Area D na Njedengwa kuna nyumba za kupangisha kwa siku, na si mbali na katikati ya jiji.

Nenda ukaikague nyumba kwa miguu yako, au mtume mwenyeji. Picha hazionyeshi maji. Dodoma ni kukavu na mgao wa maji ni jambo la kawaida, kwa hiyo fika nyuma ya nyumba, tafuta tanki, na uligonge kwa kiganja kuanzia juu kushuka chini: mlio hubadilika pale maji yanapoanzia. Kisha fungua bomba la bafuni uone kama tanki limeunganishwa na nyumba, kwa maana mengine yamewekwa uani tu na maji huchotwa kwa ndoo. Watu tisa wanaooga mara mbili na kuosha nywele hutumia maji mengi kuliko unavyofikiri.

Angalia pia mita ya LUKU na muulize mwenye nyumba nani ananunua umeme. Muulize kuhusu geti, mlinzi, na saa ya mwisho ya muziki, kisha mwambie ukweli kwamba ni shughuli ya bi harusi na mtakuwa wangapi. Angalizo: usitume malipo ya awali kwa mtu uliyempata mtandaoni ambaye hajakufungulia mlango wa nyumba hiyo.

Hatua ya 5: Usafiri wa wageni

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR imebadilisha kabisa upangaji wa shughuli hizi. Tangu ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, safari ya takriban kilomita 450 huchukua kama saa tatu na nusu hadi nne, na mtu anayetoka kazini Ijumaa anaweza kulala Dodoma. Nauli ya treni ya kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000 wakati huduma ilipoanza. Hakikisha ya sasa kabla ya kuandika bajeti.

Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili jioni huisha mapema. Kateni kwa pamoja mara ratiba ya siku hizo inapofunguliwa, kwenda na kurudi. Kila msafiri atoe taarifa za kitambulisho chake na asafiri nacho, na wote wafike stesheni saa mbili kabla ya treni kuondoka. Panga gari la kuwapokea. Kuwaacha wanawake watano wenye mizigo wakihangaika na bodaboda usiku si mwanzo mzuri.

Wa Morogoro wanaweza kupanda treni hiyohiyo. Wa Singida, Iringa na Arusha watakuja kwa basi na kushukia kituo kikuu cha Nanenane.

Hatua ya 6: Tengeneza ratiba nyepesi

Kanuni ninayoishikilia ni shughuli moja kubwa kwa siku. Ratiba iliyojaa huwafanya watu watazame saa badala ya kumtazama bi harusi.

*Ijumaa* ni ya kufika. Chakula kiwe tayari nyumbani: kuku wa kienyeji, ugali, mlenda kwa wageni wasioujua, na matunda. Mtu mmoja apake hina au piko kwa wanaopenda. Hakuna kutoka usiku huo.

*Jumamosi* ndiyo siku yenyewe. Kila Jumamosi kuna mnada wa Msalato, kwenye barabara iendayo Arusha, maarufu kwa nyama choma. Nendeni mapema mchana, mkavae viatu vya kufunika na nguo zisizoogopa vumbi. Chagueni nyama ikiwa mbichi, mkubaliane bei kabla haijawekwa jikoni, na mmoja abaki karibu na moto mpaka iive.

Kutoka hapo mkiendelea na barabara hiyohiyo mnafika upande wa Makutupora, kwenye zabibu. Zao hili lililetwa Dodoma na wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950, na leo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ongea na mkulima au kiwanda kidogo cha mvinyo angalau wiki mbili kabla, ulizia kama kuna zabibu mtini wakati huo, na ukubaliane malipo ya kuingia, kuonja na kupiga picha. Wasiokunywa pombe waandaliwe juisi ya zabibu, iwekwe kwenye glasi zilezile na mezani palepale. Angalizo: dereva wa Haisi haonji kitu, na muda wake wa kula ulipiwe.

Jioni, ningekushauri uache wazo la kuzunguka kumbi za starehe na ulete kikundi cha muheme nyumbani. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: wapigaji huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono miwili huku wakiimba. Kwa bi harusi anayeagwa na wanawake wenzake katika nchi ya Wagogo, sijui shughuli inayofaa zaidi. Vikundi vinapatikana jijini na upande wa Chamwino. Mkubaliane bei, usafiri wa kwenda na kurudi, chakula chao, na muda wa kumaliza. Ulizia kama watahitaji kuwasha moto mdogo uani kwa ajili ya kukaza ngozi za ngoma, na mwombe mwenye nyumba ruhusa ya moto huo mapema. Waambie majirani pia. Wengi wao mtawakuta wamesimama getini wakitikisa mabega.

*Jumapili* waumini waende ibadani, wengine walale. Chai nzito saa nne, zawadi, maneno ya kila mmoja kwa bi harusi, kisha kufunga mizigo. Anayetaka kununua zabibu na karanga za kubeba apite Soko la Majengo au Sabasaba.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, huombwa sana na wageni. Iko mbali mno kaskazini kwa wikiendi hii. Ipangieni safari yake.

Hatua ya 7: Kubalianeni kuhusu picha na usalama

Kabla ya Ijumaa, andika kwenye kundi kwamba hakuna picha wala video inayowekwa mtandaoni bila bi harusi kuiona. Msirushe droni bila kibali, na msipige picha maeneo ya Ikulu ya Chamwino na ya jeshi, hata kama mandhari yanavutia.

Kila mgeni awe na anwani ya nyumba, namba ya dereva na namba ya mwenyeji mmoja. Usiku msitembee mmoja mmoja. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mratibu ajue njia ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iliyo katikati ya mji, na Hospitali ya Benjamin Mkapa upande wa chuo kikuu.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

Jumatatu wapigie simu mwenye nyumba, dereva, mwenye shamba, kiongozi wa ngoma na mwoka keki. Kuwatumia ujumbe hakutoshi, unahitaji kusikia sauti ikisema "nakumbuka". Jumatano nunua LUKU ikiwa ni jukumu lenu. Alhamisi peleka maji ya kunywa, taulo za ziada, dawa ya maumivu, pedi na kifungulio cha mvinyo, ambacho husahaulika kila mara.

Mambo yakienda mrama

*Mgeni amejitoa wiki ya mwisho.* Fedha zilizokwisha kulipwa kwa watoa huduma hazirudi, na hilo liwe limeandikwa tangu mwanzo. Zilizobaki arudishiwe bila maneno. Usiwaongezee wengine mzigo. Tumia ile asilimia kumi.

*Mwenye nyumba amempa mtu mwingine.* Ndiyo maana uwe na namba ya nyumba ya pili uliyoikagua. Dai malipo ya awali kwa ujumbe wa maandishi, usibishane kwa simu, na uhamie ya pili siku hiyohiyo.

*Mvua imenyesha Jumamosi asubuhi.* Mpigie mkulima kuhusu barabara kabla hamjatoka. Ikiwa haipitiki, mwombe awatumie zabibu na chupa mjini kwa bodaboda, na muonjee nyumbani.

*Mtu amezidiwa na pombe.* Mlazeni kwa ubavu, mmoja akae naye, na asipoitika au akipumua kwa shida mpelekeni hospitali mara moja bila kuogopa aibu.

*Bi harusi amenyamaza au analia.* Wasimzunguke wote. Mtu mmoja amtoe nje ya kelele, amsikilize, na wengine waendelee na shughuli zao. Akitaka kurudi kwao usiku huo, arudishwe na watu wawili, na mama yake apigiwe kabla gari halijaondoka.

*Fedha zimebaki.* Mtunza fedha atume hesabu kamili kabla ya Jumatano inayofuata, kisha kundi liamue: zirudishwe kwa usawa, au zipelekwe kwenye mchango wa harusi kwa majina ya wote wanane.